Dojo Nyuma ya Usukani: Namna ya Kuendesha Gari Bila Kupandwa na Hasira

Dereva aliyepandwa na hasira si kwamba hana akili. Anajua fika kuwa kumpigia honi suka wa daladala hakutamrudisha nyuma. Anajua pia kuwa kumfukuzia jamaa aliyemchomekea pale Mwenge hakutamfikisha nyumbani mapema. Anajua, na bado anafanya. Ndiyo maana mawaidha ya "tuwe wavumilivu barabarani" yanaingia sikio hili na kutokea lile: yanaongea na kichwa, wakati hasira imeshakaa mikononi, mabegani na kifuani kabla kichwa hakijapata habari.

Wanaofundisha karate, judo na aikido wanalijua hili siku nyingi. Hakuna mwalimu anayemwambia mwanafunzi wa siku ya kwanza "usiogope ngumi" halafu akamsukumia kwenye pambano. Anamfundisha kusimama, kupumua, kukaa umbali unaofaa na kutazama, na anamrudisha kwenye hayo hayo mpaka yamchoshe, ili siku ngumi inapokuja mwili ujue la kufanya bila kuuliza. Utulivu wenyewe hauna somo lake. Unajitokeza mambo hayo yakishakaa sawa.

Mwongozo huu unafuata njia hiyo hiyo, isipokuwa badala ya mkeka wa dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, tuna kiti cha dereva, na badala ya mpinzani tuna barabara za Dar es Salaam na zile za kwenda mikoani. Si lazima uwe umewahi kufunga mkanda wa rangi yoyote. Tena kuwahi kuufunga si dhamana: kila klabu ina kijana aliyejifunza miezi michache, mwili unamwasha, anatafuta mtu wa kumjaribia. Kama ni wewe, anza kusoma hatua ya saba.

Hatua ya 1: Keti kwanza, washa baadaye

Dojoni hakuna anayetoka mtaani akaingia moja kwa moja kupigana. Viatu vinabaki nje, unainama kusalimu, mnapiga magoti na kufumba macho kidogo, ndipo mazoezi yanaanza. Sasa mtazame dereva wa kawaida asubuhi: simu iko sikioni, bosi anafoka upande wa pili, mkono mmoja unafunga mkanda, mwingine unaingiza gia ya nyuma, na mtoto anaulizwa kama amechukua daftari. Anatoka getini akiwa tayari ameshagombana na watu wawili. Wa tatu atakuwa bodaboda asiyemjua.

Kwa hiyo fanya hivi. Ingia, funga mlango, usiwashe. Malizana na simu: jibu ujumbe unaotakiwa kujibiwa, weka ramani kama unaihitaji, kisha simu iende kwenye mkoba au kishikizo chake. Sukuma makalio mpaka nyuma kabisa ya kiti. Kanyaga klachi mpaka chini (au breki, kama gari ni otomatiki). Goti libaki limekunjika kidogo. Nyoosha mikono juu ya usukani huku mabega yakigusa kiti: vifundo vya mikono ndivyo vifike ukingo wa juu wa usukani, si vidole tu. Kama vinapita, uko karibu mno. Kama havifiki, uko mbali. Kisha shika usukani pande zote mbili, kama mishale ya saa inapoonyesha tisa na tatu. Weka vioo sawa. Shusha mabega.

Hiyo ya mabega ndiyo inayodharauliwa. Mtu aliyekaa ameinamia usukani, kidevu mbele, viwiko vimekakamaa, amekaa mkao wa kugombana, na mwili unausoma mkao huo na kujiandaa kwa ugomvi ambao haupo. Kwenye judo mtu mwenye mikono iliyokakamaa huangushwa upesi, kwa sababu kila msukumo unaopita kwenye mikono yake unafika kiunoni bila kupungua. Kila ukisimama kwenye mataa, chezesha vidole vyote kumi. Vikigoma au vikiuma, umekuwa ukiukaba usukani tangu ulipotoka.

Na ondoka mapema. Sina zaidi la kusema kwenye hilo; aliyechelewa ameshashindwa kabla hajafika barabara ya lami.

Hatua ya 2: Usiache kupumua unapochomekewa

Karate ya Goju-ryu, iliyoasisiwa na Chojun Miyagi huko Okinawa, ina zoezi moja linaloitwa sanchin. Ukiliangalia kwa mbali unaweza kudhani hakuna kinachotendeka: hatua chache za polepole, mwili umekazwa, pumzi inaingia na kutoka kwa mpango. Kisha mwalimu anapita nyuma ya mwanafunzi na kumpiga makofi mabegani, mgongoni na mapajani. Mengine yanalia kweli. Kinachopimwa si maumivu tu. Mwalimu anasikiliza kama pumzi imekatika.

Jichunguze siku moja. Bajaji ikikatiza mbele yako ghafla, kitu cha kwanza unachofanya ni kuizuia pumzi. Kifua kinajaa, kinasimama, na baada ya sekunde moja kinaachia. Lile tusi linalokutoka ndiyo ile pumzi iliyokuwa imekwama. Ukiiachia pumzi mapema, taratibu, tusi linakosa upepo wa kusafiria.

Namna yenyewe ni rahisi. Vuta kwa pua ukihesabu moja mpaka tatu, tumbo litangulie kutoka kabla ya kifua. Toa kwa mdomo uliofunguka kidogo ukihesabu moja mpaka sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwa kuwa pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayoushusha mwendo wa moyo. Usifumbe macho, usibane pumzi, wala usihemeheme haraka haraka mpaka kichwa kiwe chepesi. Uko kwenye usukani.

Shida ni kwamba wakati wa hasira hutakumbuka hata moja kati ya hayo. Dawa yake ni kulifunga zoezi kwenye kitu kinachojirudia, nacho barabarani kipo: taa nyekundu za breki za gari la mbele. Kila zikiwaka, toa pumzi. Usingoje kuudhiwa. Kwenye foleni ya jioni ya kutoka Ubungo kwenda Mbezi taa hizo utaziona mpaka uchoke, na kila moja ni marudio ya bure. Baada ya wiki kadhaa utashangaa: mtu anachomekea, taa zake zinawaka, na pumzi yako imeshatoka kabla hujakasirika.

Hatua ya 3: Linda umbali

Hapa ndipo ilipo kazi yenyewe. Ukikosa muda wa kujifunza hatua zote, chukua hii moja.

Kwenye sanaa za mapigano za Kijapani, umbali kati yako na mpinzani una jina lake, maai, na mwalimu mzuri huutazama kabla hajatazama ngumi. Ukisimama mahali ambapo mpinzani hawezi kukufikia mpaka apige hatua moja, hatua hiyo ndiyo muda wako wa kuona, kuamua na kusogea. Akiwa karibu zaidi ya hapo, uamuzi umekuponyoka, umebaki na mshtuko. Naamini kabisa kuwa wengi wanaojiita watu wa hasira barabarani ni watu wa mishtuko. Wameganda nyuma ya gari la mbele, kila breki inawashtua, na mshtuko ukijirudia mara ishirini kati ya Buguruni na Tazara unabadilika jina na kuwa hasira.

Angalia hesabu. Kwenye kilomita 50 kwa saa, mwendo wa juu unaoruhusiwa maeneo ya makazi, gari linakula mita 14 hivi kila sekunde. Kwenye 80, linakula mita 22. Dereva wa kawaida aliyeshtukizwa huchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone hatari mpaka mguu ukanyage breki. Kwa hiyo kwenye 80 umeshasafiri mita 33 kabla breki haijaanza kazi, na bado gari linahitaji umbali mwingine kama huo kusimama, tena kwenye lami kavu na tairi zenye kashata. Ukiwa mita 10 nyuma ya Coaster, huna ujanja wowote, hata uwe na mkanda mweusi.

Kipimo cha barabarani ni sekunde tatu. Chagua kitu kisichotembea: nguzo, kibao, kivuli cha mti. Gari la mbele likikipita anza kuhesabu kwa sauti, "elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu." Ukikifikia kabla hujamaliza, uko karibu mno, inua mguu kwenye mafuta, usikanyage breki, pengo litajifungua. Mvua ikinyesha, au usiku, hesabu mpaka sita. Kwenye foleni iliyosimama kipimo ni kingine: uone tairi za nyuma za gari la mbele zinapogusa lami. Nafasi hiyo inakutosha kukata kona na kutoka bila kurudi nyuma, jambo ambalo utalihitaji tukifika hatua ya saba.

Hapo najua unasema nini. "Nikiacha nafasi hiyo Dar hii, watanichomekea wote mpaka nilale barabarani." Ni kweli watakuchomekea. Waache, kisha hesabu hasara. Gari moja likiingia na wewe ukalirudishia pengo lake, umepoteza sekunde tatu. Yakiingia magari kumi safari nzima, umepoteza nusu dakika. Nusu dakika hiyo unaitumia getini kwako ukisubiri kufunguliwa, na hujawahi kumtukana mtu kwa ajili yake. Anayekuchomekea hakuchukulii muda. Anakugusa heshima, na heshima yenyewe haikuwa yako, ilikuwa nafasi tupu ya lami.

Jambo la pili la umbali ni pembeni. Usitembee sambamba na semitrela ukidhani anakuona. Kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, na yeye hakuoni. Ama mpite moja kwa moja, ama baki nyuma. Na ukiwa kwenye mlima, mathalani Kitonga, nyuma ya lori linalopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, rudi nyuma kuliko unavyotamani. Ukiliganda unaona tela tu na moshi. Ukirudi nyuma unaiona kona, unaona kinachoshuka, na ule mchecheto wa kuchungulia kila sekunde unaisha wenyewe.

Hatua ya 4: Tazama mbali, usimtazame mtu

Mpiganaji mchanga huitazama ngumi. Ngumi ikitikisika anaruka, na hapo ndipo teke linapompata. Wakongwe hufundisha kumtazama mpinzani kama unavyotazama mlima ulio mbali: humkodolei macho sehemu moja, unamwona wote, mabega na miguu kwa pamoja.

Barabarani ngumi ni lile gari lililokuudhi. Likishakupita unaliganda kwa macho, unasoma namba zake, unasoma na maandishi ya kwenye kioo cha nyuma, na wakati huo mama mwenye ndoo kichwani ameshaanza kuvuka. Mikono nayo hufuata macho. Ukimkodolea mtu kwa hasira, gari lako linaanza kumsogelea bila wewe kukusudia.

Tupa macho mbali, kule utakakokuwa baada ya sekunde kumi na mbili au zaidi, kisha yarudi kwenye vioo, kisha yaende mbali tena. Yakizunguka hivyo, utaanza kuona mambo mapema, na jambo lililoonwa mapema haliudhi. Daladala inayotaka kusimama hutangaza kabla: konda anatoa mkono au anagonga bodi, abiria wanasimama ndani, kituoni watu wanasogea ukingoni. Ukiviona vitatu hivyo, ile breki ya ghafla siyo ya ghafla tena.

Na usisubiri indiketa. Tazama tairi la mbele. Gari linalotaka kukuingilia huanza kugeuza tairi kabla bodi haijasogea, na dereva akisahau indiketa tairi halisahau. Kwa bajaji tazama lile tairi moja la mbele. Kwa bodaboda tazama kofia ya dereva, maana kichwa kinageuka kwanza na pikipiki inafuata. Wiki moja ya kutazama matairi itakufaa kuliko mwaka mzima wa kulalamika kwamba watu hawatumii indiketa.

Usiku kwenye njia mbili, anayekuja akikuwashia fulu, usimjibu kwa fulu yako. Mtakuwa vipofu wawili mnaokaribiana. Punguza mwendo na hamishia macho kwenye mstari wa ukingo wa kushoto mpaka apite.

Hatua ya 5: Msukumo ukija, usiupinge

Jigoro Kano, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882, alikuwa akiieleza kwa hesabu nyepesi. Chukulia mpinzani ana nguvu 10 na wewe una 7. Akikusukuma ukampinga, utaanguka hata utumie zote. Lakini akikusukuma nawe ukarudi nyuma kwa kadiri ile ile huku umeshika mwili wako vizuri, anainama mbele, anapoteza mhimili, na pale alipo nguvu yake inakuwa sawa na 3. Wewe bado una 7.

Barabarani msukumo huja kutoka nyuma. Basi la mkoani limekufikia mgongoni kwenye barabara ya Chalinze kwenda Segera, linawasha na kuzima taa, pua yake imejaa kwenye kioo chako. Kuna majibu mawili ya wapinzani. La kwanza ni kuongeza mwendo, yaani kumwachia mtu mwingine aamue mwendo wako. La pili ni kugusa breki "kumfundisha adabu", na basi lililosheheni abiria halisimami kwa adabu. Yote mawili ni kupinga nguvu 10 kwa 7.

Jibu la judo ni hili. Usimtazame sana. Inua mguu kwenye mafuta kidogo kidogo, ili pengo la mbele yako likue. Pengo hilo sasa ni lenu wote wawili: ukilazimika kupunguza, utapunguza taratibu, naye atapata muda. Sogea kushoto ndani ya njia yako mwenyewe, ukiona mbele kuko wazi washa indiketa ya kushoto, na umwache apite. Usishuke kwenye bega la barabara ukiwa kwenye kasi. Sehemu nyingi lami imekatika ukingoni, na tairi likidondoka pale kulirudisha ni mtihani. Akishapita, tatizo lake limekuwa mbele yako, mahali unapoliona.

Wanaotanua kwenye foleni, wale wanaopita pembeni kwenye vumbi kisha wanataka kuingia mbele, wanahitaji mbinu hiyo hiyo. Amua mapema kuwa utamwingiza mmoja. Mmoja, kwa hiari yako, kwa ishara ya mkono. Aliyefuatia naye atajaribu, na hapo usimbanie kwa bampa; endelea na mwendo wako wa kawaida, akiingia ameingia. Tofauti kati ya kuachia na kunyang'anywa ni nani ameanza, na ukianza wewe mwili hauhesabu kama umeshindwa.

Kuachia hakumaanishi kusinyaa. Anayesimama katikati ya kipilefti kumpisha kila mtu anawachanganya wenzake, na anayetambaa njia ya kulia ndiye anayewaletea wengine kichaa. Ukiwa na haki ya kwenda na njia ni salama, nenda, tena kwa uhakika.

Hatua ya 6: Tukio likiisha, liishe

Kwenye kendo, mchezo wa mapanga ya mianzi, mtu akipata pointi halafu akashangilia kwa mbwembwe, waamuzi wanaweza kumfutia pointi hiyo. Baada ya pigo anatakiwa abaki makini, amemkabili mpinzani, tayari kwa linalofuata. Judo nako, ukiangushwa unapiga mkeka kwa mkono, unainuka, unaweka koti lako sawa, mnaanza upya. Hakuna anayebaki chini akiuliza kwa nini ameangushwa.

Honi ya sekunde tano baada ya hatari kupita ni kushangilia kwa mbwembwe. Honi ina kazi moja, kumwambia mtu "nipo hapa" kabla ya kugongana. Baada ya hapo ni kelele. Na madhara yake makubwa ni kwamba mwili haujui kuwa mambo yamekwisha. Moyo unabaki juu kwa dakika kadhaa, na katika dakika hizo adhabu humwangukia asiyehusika, yule mzee wa kirikuu aliyechelewa nusu sekunde taa zilipobadilika.

Baada ya tukio fanya mambo matatu kwa mpangilio huu. Toa pumzi mara tatu, ndefu. Angalia vioo vyote vitatu, siyo kwa sababu ya kioo bali kuyatoa macho yako kwenye lile gari. Halafu sema kwa sauti, "Imeisha." Ndiyo, hata kama kuna abiria. Ukiona mikono bado inatetemeka, kituo cha mafuta kinachofuata ingia, zima gari, kunywa maji.

Usiisimulie ofisini pia, angalau si siku hiyo. Kila ukiisimulia unachomekewa upya, na safari hii bila gari. Walio na watoto kiti cha nyuma nadhani wananielewa: matusi ya barabarani mtoto huyajua kabla ya alama za barabarani, na atayatoa siku mna wageni.

Hatua ya 7: Mtu akishuka kwenye gari lake

Gichin Funakoshi, aliyetoka Okinawa akaitambulisha karate Tokyo mwaka 1922, aliacha kanuni 20. Ya kwanza inasema karate huanza na kuisha kwa heshima. Ya pili, kwamba katika karate hakuna kuanza kushambulia. Alizitanguliza hizo mbili kuliko zote zinazohusu mbinu.

Basi usishuke. Hilo ndilo somo, na mwenye mkanda linamhusu zaidi, kwa sababu ana zaidi ya kupoteza mahakamani. Ukimwona mtu anakuja na kifua mbele, milango iwe imefungwa, kioo kiache kipenyo cha vidole viwili tu, mikono yako iwe juu ya usukani aione. Usimkodolee, tazama mahali ambapo shingo inakutana na kifua, utaona akiinua mkono wowote. Mwache amalize. Akishafika "We vipi, umelewa? Hujui kuendesha?", mjibu kwa sauti ya chini kuliko yake:

"Samahani kaka. Yaishe."

Hata kama kosa ni lake. Hujasaini karatasi yoyote. Umemnyima mtu wa kusukumana naye. Akiwa mkubwa kwako mwite mzee, akiwa mwanamke mwite dada au mama kwa kadiri ya umri. Akianza kuvuta kitasa, ndipo lile pengo uliloacha ukiona tairi za gari la mbele linapokufaa: kata kona, ondoka taratibu, na usielekee nyumbani kwako akikufuata. Nenda kituo cha polisi au penye watu na taa.

Mkiwa mmegusana magari, ni lazima kusimama. Washa hazadi, weka pembetatu nyuma mbali ya kutosha, piga picha za magari kabla hayajasogezwa na namba zote mbili, kisha ita trafiki. Bima itataka ripoti ya polisi, haitataka kujua nani alipaza sauti. Watu watakusanyika na kila mmoja atakuwa hakimu. Usijitetee mbele yao. Piga picha, subiri.

Na trafiki akikusimamisha, egesha, zima gari, teremsha kioo, "Habari za kazi, afande." Kama kuna kosa ambalo hulikubali, malumbano yake yana mahali pake, na si pale juani.

Hatua ya 8: Ratiba ya mazoezi

Usijaribu yote kesho asubuhi. Kosa la wanaoanza dojo ni kutaka teke la kuruka kabla ya kusimama. Chagua kipande kimoja cha barabara unachokipita kila siku, kisichozidi dakika kumi na tano, kiwe mkeka wako. Nje ya hapo endesha kama kawaida yako.

Wiki mbili za kwanza, kwenye kipande hicho, shughulika na mabega na pumzi tu. Zinazofuata ongeza umbali, na hapa uvumilie kwa sababu ndipo watu wengi wanapoacha. Wiki ya kwanza ya kuacha pengo mtu anajihisi mjinga. Kisha macho. Kuachia kuje mwisho, kwa kuwa bila umbali huna cha kuachia. Ukiharibu siku moja, ukajikuta umepiga honi ndefu na kutukana, rudi kwenye taa za breki na pumzi, pale pale.

Mweke shahidi. Anayepanda nawe mara kwa mara, mke, mume, jirani mnayechangia mafuta, mwombe akuambie neno moja tu, "mabega", kila akiona yamepanda. Asikuambie "tulia", neno hilo halijawahi kumtuliza mtu.

Kuna siku ambazo hakuna mazoezi yatakayokusaidia. Usingizi ukikubana, pumzi haiuondoi. Egesha mahali salama ulale dakika ishirini. Njaa ni hivyo hivyo, na anayefunga anajua foleni ya dakika za mwisho kabla ya magharibi ilivyo: weka tende na maji mahali mkono unapofika, na adhana ikikukuta uko njiani, simama ufuturu. Ukiwa umetoka msibani, au umegombana vibaya nyumbani, funguo mpe mwingine, au panda mwendokasi.